Je, wajua kwa nini upanga wa Thunderfury huweza kumaliza mwaka haujapatikana?

Andika swali lolote kwenye gumzo la World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na wengi mtandaoni, hata la kuulizia njia, na mara nyingi atajitokeza mtu akujibu: "Nani kamtaja Thunderfury, Upanga Uliobarikiwa wa Mtafuta Upepo?" Ni mzaha mkongwe. Mchezo ulitoka Novemba 2004, na upanga huu ni miongoni mwa silaha za kwanza ndani yake kupewa daraja la silaha za hadithi za kale, ambazo majina yake huandikwa kwa rangi ya chungwa. Ugumu wa kuupata unatokana na kisa chake chenyewe, kwa hiyo tuanzie huko.

Ndani ya mchezo kuna wakuu wanne wa asili: Ragnaros wa moto, Al'Akir wa upepo, Neptulon wa maji na Therazane wa ardhi. Al'Akir alikuwa na mwana aitwaye Thunderaan. Ragnaros alimvizia mwana huyo akisaidiwa na majemadari wake wawili, Baron Geddon na Garr, akaimeza sehemu kubwa ya uhai wake. Kilichobaki kilifungiwa ndani ya hirizi, hirizi ikapasuliwa vipande viwili, kila jemadari akakabidhiwa chake. Basi anayeutaka upanga ana kazi ya kuurudisha uhai huo: vipande viwili kutoka kwa majemadari, kile kilichomezwa kutoka kwa Ragnaros mwenyewe, na chuma cha kuunda mwili mpya wa kukaa.

Wote watatu wanaishi Molten Core, pango la moto ambalo katika mchezo wa asili huingiwa na kikosi cha watu 40 wa ngazi ya 60. Kila bosi, yaani adui mkuu wa pango, huuawa mara moja tu kwa wiki. Hapo ndipo miezi inapoliwa, maana kwa hesabu za wachezaji kila jemadari hutoa kipande chake kwa nafasi ya asilimia 3 hadi 4. Tuchukue 4. Kwa wastani utasubiri wiki 25 kuona kipande kimoja, na katika kila vikosi 8, kimoja hivi kitamaliza mwaka mzima bila kukiona kipande fulani. Bado hujagusa cha pili.

Kosa baya zaidi hutokea siku ya furaha. Kipande kikishachukuliwa hufungamana na mchukuaji na hakihamishiki. Kikosi kikimpa Juma cha Geddon, halafu miezi minne baadaye kikampa Asha cha Garr, kuna nusu mbili zisizokutana kamwe. Jina la mrithi liamuliwe kabla ya kuingia pangoni. Kwa kawaida huwa ni askari anayesimama mbele kupokea kipigo. Upanga hurusha radi ya alama 300 inayoruka hadi kwa maadui watano, kisha humpunguzia adui wa kwanza kasi ya kupiga kwa asilimia 20 kwa sekunde 12. Adui hukasirika na kubaki kwake, wenzake nyuma wakapumua.

Mwenye kipande kimoja aende jangwa la Silithus kwa Highlord Demitrian, mhusika wa ndani ya mchezo, ili aanzishiwe kazi rasmi. Msimwendee Ragnaros mkitarajia kiini chake, yaani ule uhai aliomeza, kabla ya hatua hiyo.

Sasa chuma. Zinatakiwa pau 10 za elementium iliyotiwa nguvu, madini ya kubuni ya mchezo huu, na kila pau inakula jiwe 1 la elementium, pau 10 za arcanite, kiini cha moto 1 na unga wa kuyeyushia vipimo 3. Zidisha mara kumi: arcanite 100. Arcanite hutengenezwa na mwanakemia, yaani mchezaji aliyejifunza fani hiyo, kwa pau ya thorium na fuwele ya arcane, na katika mchezo wa zamani mwanakemia mmoja alipaswa kusubiri takribani siku mbili kabla ya kurudia. Peke yake angehitaji siku 200, kwa hiyo kazi igawanywe kwa wengi tangu mwanzo, hata kabla kipande cha kwanza hakijaonekana.

Ufundi wa kuyeyusha elementium haununuliwi. Uko kichwani mwa fundi mmoja, Krixix, ndani ya Blackwing Lair, ngome nyingine ya mabosi. Kasisi wa kikosi, mchezaji mwenye uwezo wa kutawala akili, humtawala Krixix, kisha akiwa ndani ya mwili wake humfundisha mchimba madini mwenye ujuzi wa alama 300. Mtu mwenye pupa akirusha shambulio la eneo zima na Krixix akafa kabla ya somo, subirini wiki nyingine.

Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini kuna kinaya hapa. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo zinazoitwa malungu, zenye kimo cha mita 3 hivi, bila mivukuto. Hewa ya moto hupanda juu ya tanuru na kuvuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Tanuru likiwa refu, mvuto huzidi. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia liitwalo kintengwe. Kwa mhunzi wa Ufipa moto ni mtumishi wa upepo. Waandishi wa mchezo waliigeuza, moto ukaumeza upepo, nadhani ndiyo maana kisa chao kinakaa kichwani.

Vitu vyote vikitimia, Demitrian humwita Thunderaan palepale Silithus. Anakuja na hasira, kwa hiyo kikosi kiwe tayari kimekusanyika. Mkimshinda anaacha upanga uliolala, unaurudisha kwa Demitrian, naye anauamsha.

Anayecheza kutoka Uyole au Mafinga kwenye seva za Ulaya aangalie saa. Kikosi kinachoanza saa 1 jioni ya Ufaransa au Ujerumani, kwetu ni saa 3 usiku. Majira yao ya joto ni saa 2. Intaneti ikisuasua, hatari kubwa ni Geddon. Humgeuza mchezaji mmoja kuwa bomu, na una sekunde chache za kukimbia mbali na wenzako. Ukikwama unalipuka katikati yao. Ukiona mtandao unayumba, simama pembeni tangu mwanzo wa pambano. Kwa Garr shida ni watumishi wake 8, ambao hulipuka wakifa. Msiwaue wote kwa pamoja.

Katika toleo la leo mchezaji mmoja wa ngazi ya juu humaliza Molten Core peke yake bila jasho. Bahati ya vipande ndiyo haijalegea. Kwa seva za Ulaya mabosi hurudi kila Jumatano asubuhi, na wapo wanaoingia kila Jumatano, wakampiga Garr, wakampiga Geddon, wakatoka mikono mitupu.