Kabla Hujasema "Kitabu Kinasema"

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu huko South B, nilikabidhiwa rasimu ya kadi ya mwaliko nisahihishe Kiingereza chake kwa sababu, kama mwenyekiti alivyotangaza, "tunaye profesa wa Kiingereza hapa, tusimlipe mtu." Niliisahihisha, na sina kinyongo na kadi. Kilichonikera ni swali la shemeji mmoja, mhasibu, mtu mwenye adabu zake: "Lakini profesa, huo utafiti mnaosema mnafanya, mnatafiti nini? Vitabu si vilishaandikwa?" Swali hilo nimeulizwa na fundi wa gari, na afisa wa uhamiaji, na hata mjumbe mmoja wa jopo lililokuwa likigawa fedha za utafiti. Safari hii nimeamua kulijibu kwa maandishi, ili siku nyingine nimwelekeze muulizaji hapa nami niendelee na chai yangu.

Nimalize kwanza habari ya sarufi. Wanaoshughulika nayo ni wenzetu wa isimu, na hata wao kazi yao si kusahihisha kadi. Mimi ni mtu wa fasihi iliyoandikwa kwa Kiingereza, iwe imeandikwa London au Limuru, nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na hapa Nairobi tofauti hiyo ina historia. Tarehe 24 Oktoba 1968, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na masomo ya fasihi yapangwe upya, Afrika ikiwa katikati na fasihi nyingine zikitazamwa kutokea hapo. Waraka huo nao husimuliwa vibaya, kana kwamba watatu hao walitaka Waingereza wote waondolewe kwenye rafu za maktaba. Hawakutaka hivyo, na ndiyo maana mtu kama mimi aliweza kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya Shakespeare bila kuonekana msaliti, au tuseme bila kuonekana msaliti mkubwa.

Ngazi nilizopanda baada ya hapo, kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa, ni habari inayomchosha hata anayezipanda, basi naziruka. Lililogeuza utafiti wangu lilitokea darasani, na aibu yake ni yangu mwenyewe.

Tulikuwa tukisoma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ. Mwanafunzi mmoja, mwenye nakala iliyochakaa aliyoinunua kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara katikati ya jiji, alisema kwamba kubakwa kwa yule daktari mzungu, Lynd, kunatatiza sura ya wapigania uhuru katika riwaya. Mwenzake akamjibu kwamba hakuna mtu aliyebakwa, aliyeuawa ni mbwa. Wakatazamana kama watu waliotoka kwenye mazishi ya marehemu wawili tofauti. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa nakala mpya ya dukani, nilimkaripia yule wa kwanza mbele ya darasa zima kwa kuleta hadithi za kusikia. Aliinuka, akaja mbele, akaweka kitabu chake mezani kwangu kikiwa wazi, akarudi kuketi bila kusema neno.

Wote wawili walikuwa wamesoma. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1967, na katika miaka ya themanini Ngũgĩ akairudia na kutoa toleo lililosahihishwa. Ubakaji uliondolewa, na mahali pengine kilichokuwa Chama kikawa Vuguvugu. Jalada lina jina lile lile la kitabu na la mwandishi, na mtu anaweza kufundisha miaka mingi bila kutambua kwamba ana vitabu viwili. Mimi nilifanya hivyo, nikilipwa mshahara.

Hapa ndipo panaponiwasha, na naomba msomaji anivumilie. Kila mwaka hupokea makala za kuhakiki ambamo mwandishi anasema kwamba riwaya hii, "ya mwaka 1967," inaonyesha jinsi Mkenya alivyoutazama uhuru miaka minne baada ya bendera kupandishwa, kisha ananukuu, kwa ushahidi, sentensi ambazo ziliandikwa upya takriban miaka ishirini baadaye, na mtu ambaye katikati ya miaka hiyo alikuwa amewekwa kizuizini Kamiti, amekwenda uhamishoni, na amebadilisha mawazo yake kuhusu ardhi, tabaka, na hata lugha anayopaswa kuandikia. Huko ni sawa na kumhoji mzee wa miaka hamsini kisha kuandika kwamba hayo ndiyo maoni ya kijana wa thelathini kwa kuwa majina yao yanalingana. Ninapolirejesha andiko, hujibiwa kwamba nahangaikia tarehe za chapa. Mwaka ukikosewa, hoja nzima inayotegemea mwaka huo inaanguka, na mhasibu yeyote, shemeji yangu akiwamo, angelielewa hilo kwa upesi kuliko baadhi ya wahakiki wenzangu.

Wala jambo hili si la riwaya peke yake. Mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alitoa mhadhara wake maarufu kuhusu Joseph Conrad, mwandishi wa riwaya ya Heart of Darkness, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Ulipochapishwa mwaka 1977, Conrad aliitwa mbaguzi wa rangi, na mbele ya neno hilo palikuwa na tusi la Kiingereza ambalo mtu hulitamka akigonga meza. Katika mkusanyiko wa insha wa 1988, tusi limeondolewa na badala yake pana neno ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri "kindakindaki." Lile la kwanza linatufanya tumsikie mtu mwenye hasira ukumbini, na hili la pili linasomeka kama hukumu iliyochapwa na kupigwa muhuri. Mwanafunzi anayeandika kuhusu ghadhabu ya Achebe huku akinukuu toleo la 1988 anaitafuta ghadhabu mahali ambapo mwenyewe aliipunguza.

Kwa Shakespeare mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hakuna mswada wa tamthilia yake Hamlet ulioandikwa kwa mkono wake uliosalia. Tunayo Kwoto, yaani kijitabu cha tamthilia moja, ya 1603, fupi sana, ambayo haikujulikana kwa wasomi hadi nakala yake ilipopatikana mwaka 1823. Tunayo Kwoto ya pili ya 1604, ndefu karibu mara mbili. Na tunayo Folio, kitabu kikubwa cha mkusanyo wa tamthilia zake, ya 1623, iliyotoka miaka saba baada ya yeye kufariki. Katika usemi wake wa kwanza wa peke yake, Hamlet anatamani mwili wake uyeyuke. Mwili gani? Folio inasema mwili mgumu. Kwoto zote mbili zina neno linaloweza kusomeka kama mwili ulioshambuliwa, na wahariri wengi wamelichukua kuwa kosa la mpangaji herufi aliyekusudia mwili uliochafuliwa. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kujificha hapo, kwa maana lazima achague: mwili mgumu kuyeyuka ni uchovu, na mwili uliochafuliwa ni aibu ya ndoa ya mama yake. Ukibadili herufi mbili tatu, umepata kijana mwingine jukwaani.

Basi, shemeji, utafiti wenyewe ni huu. Huchukuliwa nakala mbili, zikawekwa sambamba, zikasomwa neno kwa neno, mkato kwa mkato. Charlton Hinman, aliyelinganisha nakala kadhaa za Folio katika maktaba ya Folger huko Washington na kutoa matokeo yake mwaka 1963, alijitengenezea mashine ya vioo na taa iliyofanya tofauti ya herufi imemeteke machoni. Mimi nina rula na binti yangu. Yeye husoma kwa sauti toleo la kwanza, akitamka hata nukta, nami hufuata kwa kidole kwenye la pili, na kila baada ya kurasa kumi binti hudai soda. Sehemu nyingine ya kazi iko kwenye barua za wahariri, na hapo pana kichekesho chake: kumbukumbu za Heinemann, waliochapisha riwaya nyingi za Kiafrika kuanzia 1962, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Ili kujua jinsi sentensi kuhusu Limuru ilivyobadilika, mtu wa Nairobi huomba viza. Ndiyo maana afisa wa uhamiaji naye ameshaniuliza swali lako.

Nikiri na yale ambayo vitabu vya nadharia huyapitia mbio. Fredson Bowers, mtaalamu wa Kimarekani wa uhariri wa maandiko, na wafuasi wake walifundisha kwamba mhariri atafute nia ya mwisho ya mwandishi. Nimeifundisha kanuni hiyo kwa muda mrefu, na siku hizi siiamini sana, kwa sababu sioni kwa nini mwandishi wa mwisho awe na haki ya kumfuta yule wa kwanza, aliyekuwa karibu zaidi na joto la mambo. Lakini nikijaribu kutetea toleo la kwanza, najikuta natetea tukio la ubakaji ambalo mwandishi mwenyewe aliona halifai kubaki, na hapo nguvu zinaniishia. Pia, tofauti nyingi tunazozipata hazina maana yoyote. Nimewahi kumaliza wiki sita nikiwa na mikato arobaini na moja iliyohama na koloni mbili, na sikuweza kusema kama zilihamishwa na mwandishi, mhariri, au mpigachapa aliyekuwa na njaa. Siku kama hizo hujiuliza kama napenda kazi hii kwanza na sababu zake nazitafuta baadaye.

Kadi ya harusi imeshapelekwa kwa mchapaji. Muhula unaanza Jumatatu, na kabla hatujafungua sura ya kwanza ya kitabu chochote, kila mwanafunzi atageuza ukurasa wa jina na kusoma kwa sauti mwaka alioukuta nyuma yake, wenye nakala za inama wakianza.