Mapatano ya poti za Etheneti kwenye vifaa vya faiba: maana yake na namna ya kuyapanga

Mapatano ya poti, yaani ya matundu ambamo kebo ya mtandao huchomekwa, ni utaratibu ambao vifaa viwili vilivyounganishwa kwa kebo moja huutumia kuelezana uwezo wake kabla ya data yoyote kupita, na kukubaliana mambo matatu: kasi itakayotumika, kama kutuma na kupokea kutafanyika kwa wakati mmoja au kwa zamu, na kama kifaa kinachozidiwa kinaweza kukiomba cha upande wa pili kisite kidogo. Utaratibu huu uliingia katika viwango vya Etheneti, teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa kebo, mwaka 1995, pamoja na kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ili vifaa vipya viweze kufanya kazi na vile vya megabiti 10 bila fundi kulazimika kupanga kila poti kwa mkono.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Tabora na kufika Kigoma, na kutoka hapo unaelekea Manyovu, mpakani na Burundi. Hata hivyo, ofisi iliyoko Mwanga au Ujiji ambayo imeunganishwa na faiba bado inaweza kusuasua, na mara nyingi chanzo si faiba yenyewe bali ni mita chache za kebo ya shaba kati ya kifaa cha kupokelea faiba (konveta) na swichi ya ofisi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta zake. Hapo ndipo poti mbili hukutana zikiwa na mipangilio isiyolingana.

Ili kuelewa tatizo hilo ni lazima kwanza kueleza dupleksi. Poti iliyo katika dupleksi kamili hutuma na kupokea kwa wakati mmoja, ilhali poti iliyo katika nusu dupleksi hufanya moja baada ya jingine, na ikisikia ishara inaingia wakati yenyewe inatuma, huihesabu hali hiyo kuwa mgongano, ikaacha kutuma, ikasubiri muda wa kubahatisha, kisha ikajaribu tena. Wakazi wa huku wanaijua hali hii kutoka Reli ya Kati: kati ya Tabora na Kigoma njia ni moja, na treni moja husubiri stesheni ili ipishane na inayokuja. Mfumo huo hufanya kazi vizuri maadamu madereva wote wawili wanajua kwamba njia ni moja.

Sasa chukua hali ambapo fundi ameifungia poti ya konveta ya faiba kwenye megabiti 100 na dupleksi kamili, akazima mapatano, wakati poti ya swichi imeachwa ijipange yenyewe. Swichi inatuma mapigo yake ya mapatano, lakini haipati jibu. Inaweza kuitambua kasi kwa kuangalia ishara inayoingia, ila dupleksi haionekani kwenye ishara, na kiwango kinaiagiza katika hali hiyo ichukue nusu dupleksi. Taa za poti zinawaka pande zote mbili, anwani zinapatikana, ping (ujumbe mfupi wa kujaribu mawasiliano) inajibu, na kila anayeangalia kwa haraka huona kwamba mambo ni mazima. Kinachofuata hujitokeza pale mzigo unapoongezeka. Konveta inatuma wakati wowote inapotaka, swichi inaona migongano na kukatisha fremu zake (mafungu ya data inayotuma) katikati, na konveta inapokea vipande ambavyo haiwezi kuvisoma. Mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za kwanza kupita, Etheneti yenyewe hairudii tena kuituma fremu hiyo. Kazi ya kugundua upotevu na kutuma upya inaachiwa programu za juu, nazo hupunguza kasi kila zinapokosa jibu. Ndiyo maana barua pepe fupi inapita bila shida lakini faili kubwa, au picha za eksirei zinazotumwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, zinachukua muda usioelezeka.

Naona hili ndilo kosa baya kuliko yote katika upangaji wa poti, kwa sababu laini iliyokufa hutafutiwa fundi siku hiyo hiyo, lakini laini inayosuasua huvumiliwa kwa miezi huku lawama zikienda kwa mtoa huduma. Ushahidi wake upo, na unasomeka kwa dakika moja. Fungua takwimu za poti pande zote mbili wakati kazi inaendelea. Upande wa nusu dupleksi, safu ya migongano ya kuchelewa itakuwa inapanda. Upande wa dupleksi kamili hakutakuwa na mgongano hata mmoja, bali makosa ya CRC (fremu zilizofika zikiwa zimeharibika) na fremu fupi kupita kiasi. Ukiona jozi hiyo, huna haja ya kugusa faiba. Rudisha mapatano pande zote mbili, au, kama kifaa kimoja ni cha zamani kiasi kwamba hakiwezi, funga pande zote mbili kwa kasi ile ile na dupleksi ile ile. Kufunga upande mmoja tu ndiko kunakoleta madhara.

Wapo mafundi wanaofunga kila poti kwa mazoea, na mazoea hayo yana historia, kwani katika miaka ya kwanza vifaa vya watengenezaji tofauti vilishindwa kuelewana mara kwa mara. Kwa vifaa vya leo sababu hiyo imekwisha. Zaidi ya hayo, kwa gigabiti 1 juu ya kebo ya shaba mapatano ni sharti la kiwango chenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kifaa kipi kiongoze mapigo ya saa na kipi kifuate.

Gigabiti ina jambo lake jingine linalostahili kutazamwa. Inatumia jozi zote 4 za nyaya zilizo ndani ya kebo, lakini mapatano yenyewe hufanyika kwa jozi 2 tu. Jozi moja kati ya nyingine ikiwa imekatika, au plagi ikiwa imebanwa vibaya, poti zitakubaliana gigabiti kisha zishindwe kuunganika, na vifaa vingi hatimaye hushuka hadi megabiti 100. Mteja anayelipia megabiti 200, akipima na kuona kasi inagota kwenye 93 au 94, anapaswa kuangalia kwanza poti imesimama kwenye kasi gani, na baada ya hapo kubana upya plagi, kabla ya kupiga simu kulalamika.

Upande wa faiba wenyewe kanuni zinabadilika, na hapa ndipo mafundi waliozoea shaba hukosea. Kwenye faiba ya gigabiti 1 mapatano hayahusu kasi kabisa, kwa sababu kasi imeshaamuliwa na moduli ya SFP iliyochomekwa, yaani kipande kidogo kinachobadili umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Yanahusu dupleksi, ruhusa ya kusitisha, na kuarifiana hitilafu. Yakiwashwa upande mmoja na kuzimwa upande wa pili, mara nyingi poti isiyo na mapatano huonyesha laini iko hewani huku ile yenye mapatano ikionyesha imekufa, na fundi aliye Tabora huweza kubishana na mwenzake wa Kaliua kila mmoja akisema kweli. Moduli za kawaida za gigabiti 10 kwenye faiba hazina mapatano hata kidogo, na moduli ya gigabiti 1 ikichomekwa kwenye tundu la gigabiti 10, swichi nyingine hudai uitaje kasi ya megabiti 1000 kwa mkono. Konveta za zamani za megabiti 100 nazo haziongei na za gigabiti kwa upande wa faiba, hata nyuzi zikiwa safi namna gani.

Kuhusu usafi, makosa ya CRC yanayoongezeka kwenye poti ya faiba ya gigabiti hayatokani na dupleksi, bali karibu kila mara na mwanga hafifu: kichwa cha kebo chenye vumbi, au waya uliokunjwa kwa ukali nyuma ya kabati. Wakati wa kiangazi vumbi la Tabora huingia kila mahali, na kifuniko kidogo cha plastiki kinachotupwa baada ya kufunga kazi kina thamani kuliko kinavyoonekana. Moduli nyingi huonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwa 1000BASE-LX, aina ya faiba ya gigabiti 1 ya masafa marefu, kiwango kinataka isishuke chini ya dBm -19 (dBm ni kipimo cha nguvu hiyo).

Lebo za VLAN, zinazogawa mtandao mmoja katika mitandao midogo iliyotengana, huongeza baiti 4 kwenye fremu, kutoka 1518 hadi 1522, na kifaa cha kati kisichozikubali kitaangusha fremu kubwa na kupitisha ndogo. Dalili zake zinafanana na za dupleksi isiyolingana, isipokuwa migongano haipo.

Unapobadilisha mipangilio ukiwa mbali, kwa mfano ukiwa Kigoma mjini na swichi iko Manyovu, anza na upande wa mbali. Laini itakatika mara tu unapoubadilisha, kisha itarudi utakapoubadilisha wa karibu. Ukianza na wa karibu utajifungia nje na safari itakuwa lazima. Baada ya laini kurudi na takwimu kufutwa ili zihesabiwe upya, hifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu ya kudumu pande zote mbili, kwa sababu swichi nyingi hushika mabadiliko kwa muda tu, na umeme ukikatika usiku huo huo poti huamka na mipangilio ya zamani.