Kabla hujanunua hisa za urani, nsikilize kidogo

Wiki hii nshaulizwa mara tatu barazani hapa Wete, eti hii urani imekaaje, tununue hisa? Mi ni mjiolojia, miamba ndo kazi yangu, na leo ntajibu kwa urefu maana nnaona watu wanataka kutia pesa za karafuu kwenye kitu wasichokifahamu na jambo hilo linanitia khofu kweli.

Mahitaji yenyewe sina wasiwasi nayo. Urani ndo kuni ya vinu vya nyuklia vinavyotoa umeme, na duniani viko kama 440 hivi, na kinu kimoja cha megawati 1,000 kinakula karibu tani 200 za urani asilia kila mwaka, hakijui masika wala kiangazi, tena urani ni sehemu ndogo tu ya gharama ya umeme wake kwa hivo hata ikipanda bei mara mbili mwenye kinu hazimi, ananunua tu. China inaendelea kujenga vipya, na Disemba 2023 kule Dubai nchi zaidi ya 20 ziliahidi kuongeza nguvu za nyuklia mara tatu ifikapo 2050.

Bei sasa. Mtu wa Pemba hapa atanifahamu upesi. Ukipanda mkarafuu leo utakaa miaka sita saba ndo uanze kuchuma, na bei iliyokutia hamu ya kupanda pengine siyo utakayoikuta. Mgodi wa urani ndo hivohivo ila mrefu zaidi, toka kugundua mpaka kutoa ratili ya mwanzo miaka 10 hata 15 inapita. 2007 ratili moja ilipita dola 130, ikaja ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima kule Japani 2011, ikateremka weee mpaka mwisho wa 2016 iko chini ya dola 20, migodi ikafungwa, Kayelekera ya Malawi 2014, Langer Heinrich ya Namibia 2018, hata McArthur River ya Canada yenye mawe tajiri khasa ikasimamishwa. Januari 2024 ikavuka dola 100, na kabla mwaka haujesha ishashuka tena.

Na sie tuna mfano wetu, mradi wa urani wa Mkuju kule Namtumbo. Warusi waliinunua kampuni ya Mantra ya Australia 2011, na baada ya Fukushima bei waliyokubaliana ikapunguzwa, kisha mradi ukalala miaka na miaka mpaka Julai 2025 ndo Rais Samia akazindua kiwanda cha majaribio. Urani iko palepale ardhini haijenda popote! Aliyengoja ni mwenye pesa.

Kwa hivo ukitajiwa kampuni, uliza kwanza inachimba sasa hivi au ina leseni na ramani tu, maana hizi za ramani kila zikiishiwa pesa zinatoa hisa mpya na fungu lako linazidi kuwa dogo. Uliza ina mikataba ya miaka na wenye vinu, kwa bei gani. Uliza mgodi uko nchi gani, kampuni ya Orano ya Ufaransa ilipoteza mgodi wake Niger baada ya mapinduzi ya 2023 na mawe yalikuwa mazuri tu.

Ami yangu mmoja alitaka kutia pesa zote za msimu huu. Nimemwambia ada ya skuli ya watoto asiiguse, iliyobaki tukae tusome ripoti ya hiyo kampuni pamoja, ukurasa kwa ukurasa, Ijumaa baada ya sala.