Je, wajua kwa nini kisu cha Opinel hakina namba 11?

Visu vya kukunja vya Opinel, vile vya Ufaransa vyenye mpini wa mti na chapa ya mkono uliovishwa taji, huuzwa kwa namba: 2, 3, 4, na kuendelea hadi 10, halafu ghafla 12. Namba 11 imekwenda wapi?

Joseph Opinel, kijana wa familia ya wahunzi huko Savoie, alibuni kisu hiki mwaka 1890. Mwaka 1897 akatoa saizi kumi na mbili, namba 1 hadi 12. Ilipofika 1935, saizi mbili kati ya hizo zikaondolewa. Namba 1 ilikuwa na bapa la sentimita 2 hivi, kitu cha kuning'iniza kwenye mnyororo, na kazi yake ilikuwa ndogo kama umbo lake. Namba 11 nayo ilibanwa katikati: 10 ina bapa la sentimita 10, 12 ina sentimita 12. Nani angehangaika na sentimita moja?

Sentimita moja hiyo hiyo, ukishuka kwenye saizi ndogo, ina maana kubwa. Bapa la kisu cha kukunja hulala ndani ya mpini, kwa hiyo likifupishwa na mpini unafupika. Namba 8, ambayo bapa lake ni sentimita 8.5, ikikunjwa ina urefu wa sentimita 11 hivi. Vidole vyote vinne vinapata pa kukaa. Shuka hadi namba 4 uone: kidole cha mwisho kinaelea hewani, na ukikata kitu kigumu kisu kinacheza mkononi. Ndiyo maana mimi hupima kiganja kwanza, bapa baadaye.

Kisha tazama unachokata. Kumenya chungwa hutaki bapa refu, maana dole gumba linatembea juu ya ganda likikisindikiza kisu, na ncha ndefu inabaki nyuma bila kazi. Embe dodo ni habari nyingine. Bapa la sentimita 6 halifiki upande wa pili. Utakata huku, uligeuze, ukate kule, na mikato miwili haikutani. Namba 12 italimaliza mara moja, ila jaribu kutembea nayo kwenye mfuko wa suruali nyepesi!

Kuna na suala la kufuli. Mwaka 1955 Marcel Opinel aliongeza pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge juu ya vidole. Pete hiyo huwekwa kuanzia namba 6 kwenda juu, wadogo hawana.

Uingereza jambo hili lina uzito wa kisheria. Kutembea hadharani na kisu bila sababu ya msingi kunaruhusiwa tu kama kinakunjika, hakina kufuli, na makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Namba 8 inaanguka mara mbili. Namba 6, fupi ya kutosha, inaponzwa na pete yake. Inayopita ni namba 5, sentimita 6, isiyo na pete.