Makao ya wazee yaliyo kimya yachunguze mara mbili

Wiki hii nimeambiwa tena, na familia iliyotoka kukagua makao ya wazee Kiambu: "Pale pametulia. Wazee wote wamekaa kimya." Jamani! Wazee 12 mbele ya runinga saa nne asubuhi, videvu vifuani, wanatakiwa kukutia hofu. Saa hiyo mzee aliyelala vizuri huwa macho: analalamikia chai, anamwita binti yake, anauliza atarudi nyumbani lini. Kelele za namna hiyo zisikufukuze.

Mzee akinyamaza ghafla, kwanza nauliza maji. Wengi hawahisi kiu, na mhudumu asiyetaka kubadilisha daipa hamkumbushi kunywa. Glasi 6 za mililita 250 kwa siku ni kiwango cha chini, isipokuwa daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Kisha maambukizi: kwa mtu wa miaka 85, nimonia yaweza kuja bila homa, ukaona kusinzia na kuchanganyikiwa tu. La tatu ni dawa, na hapa ndipo panaponikera.

Omba kuona chati ya dawa, ile inayotiwa sahihi kila kidonge kinapotolewa. Ya mzee mwingine wafunike jina. Tafuta dawa zinazosinzisha: haloperidoli na klopromazini (za magonjwa ya akili), diazepamu (ya wasiwasi), promethazini (ya mzio), na hata vidonge vya mafua vinavyotolewa usiku kwa mtu asiye na mafua. Iliyoandikwa "ikihitajika" iulizie zaidi: saa nane usiku nani anaamua kwamba imehitajika? Mara nyingi ni mhudumu aliyechoka, yuko peke yake, na mzee mmoja anaita bila kukoma. Dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu zile mpya mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaongeza za zamani, haloperidoli ikiwemo. Diazepamu nayo huangusha wazee, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawatembei tena kama zamani.

Sisemi zisitolewe kamwe. Mzee anayeona kila usiku watu wakija kumuua anateseka, na dozi ndogo kwa wiki chache yaweza kumpumzisha. Ila chati ionyeshe jina la daktari, sababu, na tarehe ya kuipitia upya. Tena nakiri: kwa kumtazama tu, siwezi kila mara kumtofautisha aliyepewa dawa, mwenye maambukizi, na mwenye huzuni ya kuhamishwa. Wiki mbili za kwanza hasa hazisomeki kwa urahisi.

Vigae na bustani viache. Leseni za wauguzi kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya, soma tarehe za kuisha. Nenda bila taarifa saa sita na nusu mchana, uone kama anayelisha ameketi au amesimama akiharakisha vijiko.

Kuuliza "mna wafanyakazi wangapi" hakusaidii. Wiki ina saa 168, na mtu mmoja hufanya kazi kama saa 48. Kwa hiyo mhudumu mmoja wa kuwapo saa zote anahitaji watu watatu na nusu. "Wahudumu saba" maana yake ni wawili kwa kila zamu, kabla hujatoa likizo na ugonjwa. Uliza: usiku wa kuamkia leo, nani alikuwa macho, na anazungumza lugha gani? Mwenye dimenshia aliyerudia Kikuyu au Kiluo chake cha utotoni atasema maumivu yake kwa lugha hiyo.

Kumgeuza mzee asiyejiweza ni kazi ya watu wawili, dakika 10 hivi pamoja na daipa. Wazee wanane ni dakika 80 kila mzunguko. Tunafundishwa kugeuza kila saa 2, ili asipate vidonda vya kulalia. Kwenye godoro la povu zito hata saa 3 au 4 zaweza kutosha. Kwenye godoro lililobonyea, usikubali. Kila ukimtembelea mzee wako, mvue soksi. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu: pitisha mgongo wa mkono kwenye visigino na juu ya matako, utafute pa moto, pagumu, au palipokolea rangi kuliko pembeni.

Kabla ya kutia sahihi, waandike kwenye mkataba: akizidiwa usiku, anakwenda hospitali kwa gari gani, nani anamsindikiza, na nani anabaki na wengine.