Dindon, Baga na Kilo: Yanayosemwa Lubumbashi na Ukweli Wake

Mama akisimama mbele ya chambre froide yoyote, yaani duka la nyama za kugandishwa, ya hapa Lubumbashi, iwe Kamalondo, Katuba au Kampemba, na kumwambia muuzaji kwamba ameacha nyama ya ng'ombe kwa sababu anataka kupungua, hakosi kujibiwa: "Mama, chukua dindon, hiyo hainenepeshi." Muuzaji huyo hadanganyi moja kwa moja, ila anauza nusu ya ukweli pamoja na kilo ya nyama. Bata mzinga, ambaye wengi wetu tunamfahamu zaidi kwa jina lake la Kifaransa, dindon, amegeuzwa kuwa kama dawa ya unene, na baga ya nyama yake ya kusaga imekuwa chakula cha watu wanaopanda mizani kila asubuhi. Ndege mwenyewe si bata hata kidogo, ni jamaa wa kuku na kwale, lakini jina hilo halijamdhuru mtu. Kinachodhuru ni zile imani zinazomfuata hadi jikoni.

"Dindon haina mafuta"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayostahili kuchambuliwa kwa kirefu, kwa sababu inamchukulia ndege mzima kana kwamba ana nyama ya aina moja. Kidari kisicho na ngozi, kikisagwa kikiwa peke yake, huwa na takriban gramu 2 tu za mafuta na kilokalori 114 (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula) katika kila gramu 100 za nyama mbichi, pamoja na zaidi ya gramu 23 za protini. Hapo sifa zote zinazotolewa ni za haki. Lakini ukisaga mapaja na ngozi yake, hadi mafuta yafikie asilimia 15 ya uzito wa nyama, gramu 100 hizo hizo hupanda hadi karibu kilokalori 180. Nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye asilimia 10 ya mafuta ina kilokalori 176. Kwa maneno mengine, mtu anayelipa zaidi ili aepuke ng'ombe anaweza kurudi nyumbani na nyama yenye nguvu ya unene ile ile aliyoikimbia, au hata kuizidi kidogo.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9, ilhali gramu ya protini au ya wanga hubeba 4. Mafuta ya ndege huyu yamejikusanya hasa chini ya ngozi na kwenye mkia, ule ambao wafanyabiashara huuita croupion. Mkia huo uliwahi kuzua mjadala mkubwa mbali na kwetu: nchi ya Samoa, iliyokuwa ikihangaika na unene wa wananchi wake, ilipiga marufuku uagizaji wa mikia ya bata mzinga mwaka 2007, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2013 baada ya nchi hiyo kujiunga na Shirika la Biashara Duniani. Sisemi kwamba kula mkia ni kosa. Wapo wanaoupenda, na ukichomwa juu ya makala, yaani makaa, harufu yake humvuta mpita njia. Nasema tu kwamba mtu asiuweke katika hesabu ya kupunguza uzito kwa sababu kwenye katoni pameandikwa "dindon".

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "Una dindon?" bali "Ni sehemu gani?" Kama nyama imekwisha kusagwa na hakuna anayejua kilichoingia ndani, ni afadhali kununua kidari kizima, kukivua ngozi mwenyewe na kuomba kisagwe ukiwa umesimama hapo, kwa mashine iliyosafishwa. Na kama kidari cha bata mzinga hakipatikani, au bei yake inatisha, kidari cha kuku kisicho na ngozi kina takriban kilokalori 120 kwa gramu 100, tofauti ndogo mno kiasi kwamba haifai kumkosesha mtu usingizi wala nauli.

"Ubaya uko kwenye mkate, heri baga kwa bukari"

Neno hili, kwamba baga iliwe kwa bukari, yaani ugali, nimelisikia mara nyingi, na linasemwa kwa uhakika wa kushangaza. Mkate mmoja wa mviringo wa gramu 60 una takriban kilokalori 160. Unga mkavu wa mahindi una takriban kilokalori 360 kwa kila gramu 100, na bonge la bukari lililosongwa kwa gramu 150 za unga, ambalo kwa wengi wetu ni la kuanzia tu, hufikia kilokalori 540. Maji yanayoongezwa sufuriani hukuza bonge, wala hayapunguzi chochote kilichokuwa ndani ya unga. Bukari si adui, na mtu aliyelelewa nayo hana haja ya kuiacha, lakini kuiweka mahali pa mkate bila kuipima ni kuhama nyumba inayovuja na kuingia isiyo na paa.

Hata hivyo, mara nyingi lawama haiufai mkate wala bukari, bali vile vinavyoizunguka nyama bila kuhesabiwa. Tuchukue sahani mbili. Katika ya kwanza kuna kipande cha kidari cha kilokalori 200 pamoja na mafuta yake ya kukaangia, mkate mmoja wa mviringo, na nyanya, kitunguu na majani ya saladi: jumla haifiki 400. Katika ya pili kuna gramu 150 za nyama iliyosagwa pamoja na ngozi (270), kijiko kikubwa cha mafuta kilichonyonywa kikaangoni (120), vijiko viwili vikubwa vya mayonezi (190), mkate ule ule (160), gramu 150 za viazi vya kukaanga (470) na chupa ndogo ya sucré, yaani soda (140). Jumla ni 1,350. Zote mbili zinaitwa baga ya dindon, na aliyekula ya pili atashangaa kwa dhati kwa nini mizani haishuki. Akiongeza chupa moja kubwa ya bia, ile ya zaidi ya sentilita 70, amejiongezea takriban 300 nyingine.

Mafuta ya mawese, ambayo watu husema ni mepesi kwa kuwa ni ya asili, yana nguvu ile ile kama mafuta mengine yoyote ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja ni takriban kilokalori 120. Lengalenga (mchicha) au matembele yaliyochemshwa kwa kitunguu na nyanya ni kitoweo kizuri cha kuandamana na baga, mradi yasiogeleshwe.

"Nyama isiyo na mafuta lazima iwe kavu kama ubao"

Hapa dhana ina mguu mmoja kwenye ukweli. Kidari hukauka upesi, na anayekipika kama apikavyo nyama ya ng'ombe atatafuna kwa huzuni. Lakini dawa yake si kurudisha ngozi. Ni kuongeza maji yanayokaa ndani ya nyama. Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ambayo wengine hawana: mvua zikianza, kandokando ya barabara zinazotoka nje ya mji huuzwa uyoga wa porini, bowa, wa kila umbo na rangi. Uyoga kwa sehemu kubwa ni maji, takriban asilimia 90, na gramu 100 zake hazizidi sana kilokalori 30. Ukikatwakatwa vidogo sana na kuchanganywa na nyama, huilainisha na kuipa ladha nzito inayofanana na ya nyama yenye mafuta. Ununuliwe kwa mtu anayejulikana kuwa anaujua msitu, kwa kuwa uyoga wa sumu haumjui anayefanya diet, na upikwe vizuri kabla ya kuchanganywa.

Kwa watu wanne, chukua gramu 500 za kidari kilichosagwa, gramu 100 za uyoga uliokatwakatwa na kukaushwa kikaangoni bila mafuta hadi maji yake ya juu yaishe, kisha ukapoa, kitunguu kidogo kilichokunwa, yai moja, kitunguu saumu, pilipili manga na majani ya seleri. Changanya kwa vidole, kwa upole, na uache mara tu vitu vinaposhikana. Wanaokanda nyama kama unga wa maandazi ndio wanaopata baga inayoruka kama mpira, na chumvi ikitiwa mapema huongeza tatizo hilo kwa sababu huyeyusha protini za nyama na kuzifanya zigandamane. Kwa hiyo chumvi inyunyizwe juu ya vipande vilivyokwisha kuumbwa, muda mfupi kabla ya kupika. Umba vipande vinne bapa vya unene usiozidi sentimita 2, bonyeza kishimo kidogo katikati ili visivimbe, na uviweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kinawatosha wote wanne. Moto uwe wa wastani, iwe ni jiko la umeme au mbabula iliyoachwa makala yake yashike majivu, na kila upande upate dakika tano hadi sita. Usikandamize kipande kwa mwiko: ule mlio wa kupendeza unaousikia ni maji ya nyama yanayoondoka. Kila kipande kitakuwa na takriban kilokalori 200 na gramu 30 za protini, na protini hiyo ndiyo humfanya mtu akae muda mrefu bila kutafuta cha kutafuna.

"Nyama ikioshwa kwa limau, vijidudu vimekwisha"

Ninajua ninagusa desturi ambayo mama zetu waliifuata kwa nia njema kabisa. Lakini limau haliui Salmonella wala Campylobacter waliomo katika nyama ya ndege kwa kiwango cha kutegemewa, na maji ya bomba huwarusha kwa matone madogo hadi kwenye beseni, nguo, ubao wa kukatia na nyanya zitakazoliwa mbichi. Kinachowaua ni moto. Limau libaki kwa ajili ya ladha, na mikono ndiyo ioshwe kwa sabuni.

Nyama ya kusaga inahitaji tahadhari kuliko kipande kizima, kwa sababu bakteria waliokuwa juu ya nyama husambazwa na mashine hadi katikati. Ndiyo maana hakuna baga ya bata mzinga inayoliwa nusu mbichi. Katikati yake panatakiwa kufika nyuzijoto 74 za Selisiasi, na rangi si shahidi wa kuaminika: nyama ya ndege inaweza kugeuka nyeupe kabla haijafikia joto hilo, na inaweza kubaki na wekundu kidogo ilhali imekwisha kuiva salama. Kipimajoto cha nyama humaliza ubishi. Asiye nacho aumbe vipande vyembamba zaidi, avifunike kikaangoni mwishoni, na asiwe na haraka.

Safari ya kutoka dukani nayo ina dhana zake. Mwezi wa Oktoba, ambao ndio wenye joto kali kuliko yote hapa, mfuko wa nyama iliyoganda hupitishwa sokoni saa tatu nzima, kisha huachwa mezani uyeyuke hadi jioni, kwa hoja kwamba "katikati bado kuna barafu." Katikati kuna barafu, lakini nje kwa muda wote huo vijidudu vimekuwa vikizaliana. Nyama iyeyushwe ndani ya friji, au katika maji baridi ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, maji yakibadilishwa kila nusu saa. Na umeme ukikatika, jambo ambalo hatulihitaji kuelezwa, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Anayeifungua kila baada ya robo saa kutazama kama baridi ipo ndiye anayeiondoa.

"Bora ni dindon, soseji au salami ni sawa tu"

Si sawa. Nyama iliyosindikwa kwa chumvi na dawa za kuhifadhia hubaki nyama iliyosindikwa hata ikitokana na ndege, na kundi hilo la vyakula liliwekwa mwaka 2015 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika orodha ya visababishi vya saratani. Chumvi pia ina hesabu yake: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, chini ya kijiko kidogo, na vile vipande vya cube, viungo vya mchuzi, tunavyovivunja katika kila sufuria kwa sehemu kubwa ni chumvi. Chumvi hainenepeshi, lakini huzuia maji mwilini, na mizani haitofautishi maji na mafuta.

Niongeze neno kwa wanawake walioambiwa kuwa wana upungufu wa damu: bata mzinga ana karibu nusu tu ya madini ya chuma yaliyomo katika nyama ya ng'ombe. Kumwacha ng'ombe kabisa kwa ajili ya kilo mbili si uamuzi wa kuchukuliwa bila kuzungumza na daktari.

"Amepungua, basi anaumwa"

Dhana hii haitoki jikoni, inatoka kwa majirani, na imewarudisha wengi kwenye viazi vya kukaanga. Anayekula kwa kipimo hupungua polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, na kuna majuma ambayo mizani haitikisiki. Akiulizwa mtaani ana nini, anaweza kutaja alichobadilisha mezani. Ila yule anayepungua haraka huku akila kama alivyozoea, akiwa na kiu isiyokwisha au kikohozi cha majuma mengi, majirani zake safari hii wana haki: aende kupimwa kisukari na kifua kikuu, na baga isubiri.