Kwa nini wakazi wa maghorofa huambiwa wasitoke moto ukizuka?

Moto umezuka ghorofa ya nne, wewe unaishi ya kumi, halafu unaambiwa ufunge mlango na utulie ndani! Kwa miongo mingi wakazi wa majengo marefu nchini Uingereza wameelekezwa hivyo, na mara nyingi ushauri huo huwa sahihi.

Sababu ni ujenzi wenyewe. Kuta na sakafu zinazotenganisha fleti hutakiwa kuhimili moto kwa saa moja au zaidi, na mlango angalau nusu saa. Moto wa jikoni kwa jirani unatarajiwa uishie humo humo. Isitoshe, muuaji mkubwa ni moshi. Watu wakimiminika wote kwenye ngazi, moshi huwafuata, na zimamoto wanaopanda na mipira ya maji hupishana kwa shida na umati unaoshuka.

Lakini ushauri huo hauna maana iwapo moto una njia ya kupita nje. Grenfell Tower ya London, yenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, ilijengwa miaka ya 1970. Ukarabati uliokamilika mwaka 2016 uliivisha mabamba ya alumini yenye polietilini katikati, yaani plastiki ambayo ikipata joto huyeyuka na kuwaka. (Yote hayo ili jengo lihifadhi joto na lipendeze.) Nyuma ya mabamba kulikuwa na tabaka la kuzuia baridi, nalo linawaka, pamoja na uwazi ulioupa moto hewa na njia ya kupanda.

Usiku wa Juni 14, 2017, friji iliwaka ghorofa ya nne. Moto ukatoka nje karibu na dirisha, ukafika juu kabisa kwa takriban nusu saa, ukawa unarudi ndani kupitia madirisha ya fleti nyingine. Zege halikuwa na la kufanya. Ushauri wa kubaki ndani uliondolewa karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Watu 72 walikufa.

Mwishoni mwa 2018, England ilipiga marufuku vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makazi yenye urefu wa kuanzia mita 18. Kizungumkuti ni majengo yaliyokwisha kujengwa: maelfu yamegundulika kuwa na kuta za hatari, na kazi ya kuzibandua imekwenda polepole huku wamiliki, wajenzi na serikali wakivutana nani alipe.